Mrejesho: picha na kanda za marehemu mwalimu wetu

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri jinsi ya kuokoa picha za kuchora za mtindo wa Tingatinga na kanda za kwaya ya shule alizoacha mwalimu wetu wa darasa la nne, tuzitumie kwenye arobaini yake. Asanteni sana jamani.

Aliyesema nisiguse picha na thina Mungu ambariki, maana fundi wa mtaani alishaniambia nipake, mi nikafuta tu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo na ile rangi ya mafuta ikarudi kung'aa, watoto wa mwalimu walivyomwona yule chui wa madoadoa wakaanza kulia (mzee alishikilia kuchora kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba wa kubanwa, kama mchoraji Tingatinga mwenyewe enzi za 1968, turubai hataki kusikia). Mbili zilishavimba kwa maji, hizo basi tena.

Kanda tatu nimeziingiza kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedfoni la redio. Ya nne utepe ulikatika, nikaunga na selotepu ya kawaida wakati mlinikataza, redio ikaumeza wote, kosa langu. Ila sauti yake akituhesabia "moja, mbili, tatu" kabla ya wimbo ipo, darasa zima tunayo kwenye simu.