Kitabu kipi cha mapishi ya mandari kinatufaa Kigoma?

Mkazi wa Bangwe: Habari zenu wanajukwaa. Mpwa wangu anarudi kutoka Dar es Salaam kwa treni wiki hii, nami nimemwomba aniletee kitabu cha mapishi ya mandari. Kwa muuza vitabu vya mitumba ameona viwili: cha Claudia Roden cha 1981, ambacho chote kinahusu chakula cha kuliwa nje, na *Summer Cooking* cha Elizabeth David cha 1955, ambamo mandari imetengewa sehemu ndogo tu. Achukue kipi?

Mama Kuhe, Ujiji: Ndugu yangu, hujatueleza mnakwenda wangapi, wala kama mtapika hukohuko ufukweni au mtabeba chakula kilichoiva. Je, atakayepika anasoma Kiingereza? Vitabu vyote viwili ni vya lugha hiyo.

Mkazi wa Bangwe: Ni familia, pamoja na watoto. Chakula tutakibeba. Kiingereza nitasoma mimi.

Mnyamwezi wa Kwihara: Fedha ya nini? Kitabu cha Isabella Beeton cha 1861 kinasomwa bure mtandaoni, na kina orodha kamili ya mandari ya watu 40.

Mama Kuhe, Ujiji: Orodha hiyo nimeisoma, kaka. Ina paja la nguruwe na kambakoche 6. Hapa Ujiji nimwandalie nani? Roden alizaliwa Kairo, na mapishi yake yanakaribiana zaidi na meza zetu.

Mwalimu Mstaafu: Mimi hukipima kitabu cha namna hii kwa yale kinayosema kuhusu kuhifadhi chakula. Tulikwenda ufukweni na jamaa wa msikitini, na mpishi tuliyemlipa alikuwa amepika wali wa nazi usiku, akaufunga ungali moto katika ndoo ya plastiki, akaufungua saa saba mchana ukiwa na uvuguvugu na harufu ya kuchacha. Wazee tuliuacha, vijana walikula, na kabla ya magharibi walikuwa wakitapika mmoja baada ya mwingine, huku mwenye boti akidai nauli ya kusubiri. Kuna bakteria wa wali, *Bacillus cereus*, ambao chembe zao sugu (spora) haziuawi kwa kuchemshwa, nao huzaliana chakula kikikaa vuguvugu. Kitabu kisichozungumzia hilo, hata kiwe na picha nzuri namna gani, sikinunui.

Mama Kuhe, Ujiji: Pole, Mwalimu. Ndiyo maana mimi hubeba migebuka, samaki wa ziwani kwetu, ya kukaanga na ugali wa muhogo, si wali.

Mnyamwezi wa Kwihara: Ya kukaanga kwa mawese? Yakipoa huganda mdomoni.

Mama Kuhe, Ujiji: Kwa alizeti, kaka. Mawese ni ya mchuzi wa nyumbani.

Mnyamwezi wa Kwihara: Sisi Tabora hubeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, navyo havichachi. Kitabu cha hayo sijakiona.

Mkazi wa Bangwe: Mpwa anauliza kama cha David kina mapishi ya samaki wa kuliwa baridi. Yupo aliyekisoma?