Maendeleo ya Wanawake: chombo cha serikali au cha wanawake wenyewe?

Muulizaji: Hamjambo nyote. Nimeombwa niwaeleze akina mama wa kikundi chetu cha kijijini, Nyeri, asili ya shirika la Maendeleo ya Wanawake. Wazee wengine husema liliundwa na wakoloni ili kuwavunja nguvu Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni Kenya, ilhali wengine hulisifu kwa kuwafunza wanawake kazi za mikono. Kauli ipi ina uzito zaidi?

Msomaji wa Historia: Zote mbili zina ushahidi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Shirika lilianza mwaka 1952 likiongozwa na wanawake wa Kizungu, chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii. Oktoba ya mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa ili kuwakabili Mau Mau. Kuanzia 1954, Wakikuyu wengi walipohamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, klabu za Maendeleo zilifundisha ushonaji, usafi na malezi, huku serikali ikitumaini kwamba wanawake wangeacha kuwapelekea wapiganaji wa msituni chakula na habari. Hata hivyo, kujiunga hakukuwa ithibati ya utiifu, kwa maana palipo na kafyu na kazi za kulazimishwa, mtu hushika nafuu yoyote aipatayo.

Nyar Karachuonyo: Naongezea kwamba mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika hilo. Lakini, dada, usiishie kwa viongozi. Katika miaka ya sitini wanawake wa huko kwenu Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya mabati: walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, kisha wakaezeka nyumba ya mwanachama mmoja baada ya mwingine hadi zamu ikamfikia kila mmoja. Nyasi zilikuwa zikivuja na kudai kuezekwa upya mara kwa mara, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yalipunguza safari za mtoni. Kwangu mimi, historia ya wanawake wa vijijini imo humo kuliko katika kumbukumbu za mikutano ya Nairobi.

Mzee wa Tharaka: Nakubaliana na dada hapo juu, ila ofisi ya Nairobi haiwezi kupuuzwa. Mwaka 1987 shirika liliunganishwa na KANU, chama pekee wakati huo, na likaitwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Uhusiano huo ulivunjika baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwishoni mwa 1991. Miaka michache baadaye, mwaka 1996, shirika hilohilo lilishirikiana na familia za huku Tharaka kuanzisha sherehe ya wasichana isiyo na ukeketaji, iitwayo Ntanira na Mugambo, ambamo wasichana hupewa mafunzo ya utu uzima bila kukatwa. Mpango huo haungefika mbali bila akina mama wa vijijini waliokubali kuwatoa binti zao mbele ya majirani waliowacheka.