Baba katumwa nje, Aprili ya watoto wa wanajeshi ndo hii, binti hataki kuvaa zambarau

MamaWawili aliandika:

Habari zenu wapendwa, naomba mawazo hasa kwa nyinyi mlio kwenye familia za jeshi huku Marekani. Mume wangu yuko Army (jeshi la nchi kavu), Machi tumehama kutoka Texas kuja jimbo la Washington, hata maboksi hatujamaliza kufungua na yeye kashaondoka, katumwa nje miezi kadhaa. Nimebaki na wawili, wa kiume yuko la pili na wa kike yuko la tisa. Sasa Aprili ndo ule mwezi wa mtoto wa mwanajeshi, shule zao zimetuma karatasi kwamba kuna siku wote wavae zambarau, kutakuwa na keki na watoto wa wanajeshi wataitwa mbele wapigiwe makofi. Mdogo kafurahi balaa, mpaka soksi kashachagua. Mkubwa kasema siku hiyo haendi. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu nikisimama pale wote wataanza kuniuliza baba yuko wapi na kama atarudi. Nikakosa la kusema kwa kweli.

Halafu nikimchimba zaidi naona si zambarau tu, kule alikuwa darasa la juu la hesabu, huku wamemweka la kawaida eti wanasubiri rekodi rasmi kwanza na yeye anakaa anarudia vitu alivyovisoma mwaka jana, na timu ya riadha walifunga kuandikisha kabla hatujafika. Kwa hiyo wanampigia makofi huku wamemfungia mlango, ndivyo anavyoona yeye. Nimlazimishe avae au nimwache? Na kuna kitu gani cha maana cha kuwafanyia hawa watoto zaidi ya keki?

BintiWaMabaharia alijibu:

Pole mama. Mi nimekulia humo humo, baba alikuwa Navy, jeshi la majini, mpaka anastaafu. Usimlazimishe kabisa.

Huo mwezi umeanza 1986, aliyeutangaza ni Caspar Weinberger alipokuwa waziri wa ulinzi, na zambarau ilichaguliwa kwa sababu eti ukichanganya kijani cha Army, nyekundu ya Marines na bluu za Navy, Air Force na Coast Guard unapata hiyo rangi, kwamba haijalishi mzazi yuko tawi gani. Nia ni nzuri. Na ua lao ni dandelion, lile la manjano linaloota popote mbegu zake zikipeperushwa na upepo. Nikiwa mdogo nililipenda sana hilo ua, nilipofika umri wa binti yako nikalichukia, kwa sababu hakuna aliyeiuliza mbegu kama inataka kupeperushwa 😅

Kitu kilichokuwa kinanichosha ni kuambiwa kila saa kwamba nina nguvu, mimi ni jasiri, sijui shujaa mdogo. Mtoto akisikia hivyo sana anaanza kuficha, maana shujaa gani analia chooni kisa hana wa kukaa naye wakati wa chakula? Mimi nilichokuwa nataka ni mtu mmoja tu aniulize umetoka wapi na huko ulikuwa unapenda nini, halafu asikilize jibu. Mwambie anaruhusiwa kuichukia hii miezi na bado akampenda baba yake na kazi ya baba yake, hivyo vitu viwili vinakaa pamoja bila shida.

Huyo mdogo mwache na soksi zake, umri huo keki ni keki.

MwalimuHesabu alijibu:

MamaWawili achana na keki kidogo, hilo la hesabu na riadha ndo la kushughulikia WIKI HII. Mimi ni mwalimu wa sekondari shule iliyo karibu na kambi, haya mambo tunayaona kila mwaka.

Kuna mkataba wa majimbo kuhusu elimu ya watoto wa wanajeshi, majimbo yote 50 yameingia pamoja na Washington DC, na tume inayousimamia inaitwa MIC3. Shule nyingi hawaukatai, hawaujui tu, karani wa mapokezi anafuata utaratibu wa kila siku na mtoto wako anaumia. Kwa kifupi, unapohama shule ya zamani wanatakiwa wakupe nakala ya rekodi uzibebe mkononi, na shule mpya inatakiwa imwandikishe na kumpangia masomo kwa hizo hizo wakati wanasubiri zile rasmi. Rasmi zikiombwa, shule ya zamani ina siku 10 kuzituma. Chanjo zikipungua una siku 30. Na kama alikuwa darasa la juu kule na hilo darasa lipo huku, wanatakiwa waanze kwa kumweka pale pale alipokuwa, wakitaka kumpima wampime baadaye akiwa tayari ndani. Kwa hiyo "tunasubiri rekodi rasmi" si jibu. Wakikwambia darasa limejaa hapo ni ngumu zaidi, ila mpaka sasa hawajakwambia hivyo.

Riadha nayo, tarehe ya mwisho kupita isiwe kigezo cha kumnyima nafasi ya kujaribiwa. Angalia nimesema kujaribiwa, hawalazimishwi kumpa namba, akikimbia vizuri atapata asipokimbia vizuri atakosa kama wenzake. Watoto wa umri huo hilo wanalielewa, wasichokielewa ni kuambiwa umechelewa wakati si wao waliochagua tarehe ya kuhama.

Usiende kugombana na mwalimu mkuu. Kila kambi kubwa ina afisa wa kuunganisha familia na shule, School Liaison, kazi yake ni hii hii na hulipi chochote. Mpigie, mwambie kama ulivyotuambia sisi. Uliza pia kama hiyo shule ni Purple Star, huo mpango ulianzia Ohio 2017 na umesambaa majimbo mengi, shule yenye hiyo nyota inatakiwa iwe na mtu maalum wa kupokea watoto wa wanajeshi. Kama wana nyota ukutani na mtu hayupo, muulize liaison mbele yao 🙂

Ah na kingine, ni wa la tisa, weka rekodi zote za masomo kwenye faili tangu sasa. Watoto hawa inasemwa wanahama mara 6 hadi 9 mpaka wamalize sekondari, na jimbo moja linadai historia ya jimbo, lingine linadai sijui nini, akifika la 12 ndo mnagundua somo limepungua. Mkataba unaruhusu shule isamehe somo kama alishasoma linalofanana, ila lazima uwe na ushahidi.

MkeWaGuard alijibu:

Mi nitatofautiana kidogo na BintiWaMabaharia. Sisi ni National Guard, wale wanajeshi wa akiba wa jimbo wanaoitwa kazini ikihitajika, tunakaa mbali na kambi yoyote, shuleni mwanangu ni yeye peke yake. Baba yake alipoitwa kazini mwaka mzima hakuna mwalimu aliyejua, wakawa wananipigia simu eti mtoto amebadilika, hamalizi kazi, ana hasira. Hatuna kambi, jirani hajui chochote, ukisema mume katumwa wanakushangaa. Mimi hiyo siku ya zambarau ningeililia! Mtu mzima mmoja tu amwone mwanangu. Kwa hiyo dada usiione kama kitu cha kijinga, watu wengine hata hicho hawana.

Nililofanya ni kumwandikia kila mwalimu barua pepe fupi, baba anaondoka lini, nani amchukue, akiwa na hasira afanyiwe nini. Na nyie wa Guard na Reserve (akiba ya jeshi) mjue ule mkataba unamhusu mtoto wakati mzazi yuko kwenye oda za serikali kuu, mazoezi ya wikiendi hayahesabiki. Pia kuna washauri wa Military OneSource, simu yao inapokelewa saa 24 na ni bure, wanaongea na watoto pia, na siyo kwamba unaandikwa kwenye faili la mume kazini kama watu wanavyoogopa.

BabaYukoMbali alijibu:

Naongea kama yule anayeondoka. Dada, watu watakuja nyumbani wamshike kijana wa la pili bega wamwambie "sasa wewe ndo mwanaume wa nyumba". Wakatishe hapo hapo. Mwanangu aliambiwa hivyo na mjomba wake akawa halali, anazunguka usiku kukagua milango.

Simu msimwahidi saa maalum, mtandao ukikatika kule mtoto anajua jambo baya limetokea. Waambieni baba atapiga akiweza. Kuna shirika linaitwa United Through Reading, lipo tangu 1989, mzazi anarekodiwa video akisoma kitabu na mtoto anakipata kitabu chenyewe, anafuatisha kurasa na sauti ya baba. Kwa la pili hiyo ni dhahabu. Kwa la tisa sahau, huyo nilikuwa namtumia maswali ya hovyo tu kwa meseji, asipojibu sijali, akijibu neno moja nafurahi.

Muulize mumeo pia kama kahamisha GI Bill kwa watoto, ile haki ya mwanajeshi kulipiwa chuo. Anatakiwa awe katumikia miaka 6 na akubali kuongeza 4, na LAZIMA afanye akiwa bado kazini, akishatoka amechelewa. Wengi wanasema tutafanya baadaye.

MamaWawili aliandika:

Asanteni sana jamani sana sana. Nimempigia yule liaison, kapokea simu mwenyewe, kaongea na shule jana na binti anaingia darasa la juu Jumatatu, kocha naye amesema aje ajaribiwe. Zambarau bado hataki. Nimemwambia sawa, na mwalimu wake nimemwandikia asimwite mbele. Akaniuliza kama anaweza kwenda siku hiyo na nguo nyeusi, nikamwambia wewe kila siku unavaa nyeusi nani atajua 😂 BabaYukoMbali hilo la mwanaume wa nyumba limenishtua maana shemeji yangu alishalisema, nitampigia leo.

Swali la mwisho, mume anafikiria kustaafu ndani ya miaka miwili, binti atakuwa la 11. Mkataba unakatika siku anayotoka?

MwalimuHesabu alijibu:

Hapana, unaendelea mwaka 1 baada ya kustaafu, na ni hivyo hivyo akitolewa kwa sababu za kiafya au, Mungu apishie mbali, akifariki akiwa kazini. Kwa hiyo kama mtahama baada ya kustaafu hameni ndani ya huo mwaka. Au msihame kabisa mpaka amalize la 12, mimi ningekuwa ni wangu ningefanya hivyo.