Re: Re: Re: Klabu ya likizo ya watoto – Ofsted au zile siku 14??

Kutoka: Mama Nasra

Assalaam alaykum na khabari za jioni nyote. Samahani kwa urefu. Wengi mnalijua darasa letu la Kiswahili la Jumamosi pale ukumbi wa jamii, saa nne mpaka saa sita, watoto 22 sasa hivi, wa miaka 5 hadi 11. Mwaka huu tukasema tusiishie Jumamosi, skuli zikifungwa Julai tuwachukue siku tano kwa wiki, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, wiki zote sita, maana nusu ya mama zao wako kwenye kea (kutunza wazee na wagonjwa) na nusu wako maghala, na likizo ya kazini ni siku 28 pamoja na benki holidei wakati skuli zinafungwa wiki 13 kwa mwaka, hesabu haikubali hata uipige vipi. Mwaka jana kuna mama alikuwa anamuacha mwanawe wa miaka 9 ndani ya gari kwenye paking ya kazini, na tableti na chupa ya chai na wali kwenye kontena, kila breki anatoka mbio kwenda kugonga kioo. Amenihadithia mwenyewe huku analia.

Basi. Ukumbi walishakubali, tumelipa dipoziti paundi 150, DBS (ukaguzi wa rekodi ya jinai) tunazo zote enhanced, kozi ya huduma ya kwanza ya watoto tumefanya. Jana naletewa imeli ya mistari miwili na afisa wa kaunsili kuwa bila namba ya Ofsted (wakaguzi wa skuli na malezi ya watoto huku England) pesa za HAF (mpango wa serikali wa shughuli na chakula cha watoto wa kipato kidogo wakati wa likizo) hatupati na ukumbi nao "umeshauriwa" usitupe funguo. Afisa huyo huyo mwezi wa tatu aliniambia kwa simu tuko sawa, tutumie ile ruhusa ya kufungua siku 14 kwa mwaka bila kusajili.

Suali langu ni moja tu: zile siku 14 zinahesabiwa kwa klabu au kwa jengo? Tukifanya 14 ukumbini na 14 msikitini tumevunja sheria? Naomba mwenye uzoefu, si mwenye "nadhani".

Kutoka: Baba Kelvin, Reading

Pole sana Mama Nasra. Siku 14 ni kwa jengo, na lazima uwaandikie Ofsted wiki mbili kabla hujafungua. Lakini kwani mnaihitaji ya nini? Nyinyi mnafundisha lugha, si mko exempt, hamhitaji kusajili? Sisi huku tuna mpira na hesabu, activity mbili tu, mwaka wa tatu huu na hakuna mtu ametuuliza kitu.

Kutoka: Tausi

Baba Kelvin, kwa heshima zote, unawapoteza watu. Mimi kazi yangu ndiyo hii, niko after-school klabu mwaka wa sita. Hiyo exempt ya activity mbili ni pale malezi yanapokuwa ya kando tu, mtoto kaja kujifunza kitu akimaliza anaondoka. Mtoto anayeshinda na wewe saa sita, anakula kwako, anaanguka kwako, anagombana na mwenzie kwako, huyo humfundishi, unamlea. Watoto wa chini ya miaka 8, zaidi ya saa mbili kwa siku, tena kwa malipo, unasajili. Wa 8 kwenda juu kusajili ni hiari. Kwamba hamjaulizwa miaka mitatu haina maana mko sawa, ina maana hamjaulizwa.

Na watu wanadhani Ofsted ni adhabu kumbe ni hela. Klabu isiyo na namba, mzazi wa UC (Universal Credit, posho ya serikali) hawezi kudai ile 85% ya gharama za malezi na mzazi wa TFC (Tax-Free Childcare, akaunti ya malezi inayoongezewa na serikali) hawezi kuilipa kupitia akaunti yake. Mimi na TFC tumeshakosana, unaweka paundi 8 wanakuongezea 2, mpaka 500 kwa miezi mitatu, lakini kila miezi mitatu uthibitishe tena, nikasahau wiki mbili nilipokuwa msibani Tanga, nikalipa Pasaka nzima mfukoni. Weka kengele kwenye simu jamani, msiamini kumbukumbu.

Kutoka: Baba Kelvin, Reading

Sawa mwalimu. Nilikuwa nasaidia tu.

Kutoka: Shabani wa Glasgow

Nikumbushe tu, kama ninavyokumbusha kila mwaka, kwamba Ofsted ni England. Huku ni Care Inspectorate na hata DBS hatuna, tuna PVG. Halafu sisi tunafunga mwisho wa Juni na kufungua katikati ya Agosti. Mtu akiandika "UK nzima" aandike England.

Kutoka: Tausi

Nani kaandika UK nzima?

Kutoka: Mama Eli

Naomba niulize kwa wanaojua HAF. Mimi bado niko kwenye viza, NRPF (siruhusiwi posho za serikali), ILR (ukaazi wa kudumu) mpaka mwaka kesho kutwa. Shuleni mwanangu anapewa FSM (chakula cha bure) kwa kipato, lakini link ya HAF ikitumwa jina lake halimo, ile namba ya kujiandikisha haiji. Wenzake wanakwenda kuogelea na kupewa chakula cha moto, siku nne kwa wiki, saa nne kwa siku, yeye anashinda kwangu nimelala baada ya shifti ya usiku. Najilaza kwenye sofa mkono nimeuweka kwenye mguu wake ili akiinuka niamke.

Kutoka: Tausi

Mama Eli, rudi shuleni kwa yule anayeshughulika na FSM umuulize kama jina limepelekwa kaunsili, mara nyingi linakwama hapo. Na kaunsili inaruhusiwa kutumia mpaka 15% ya fungu la HAF kwa watoto wasio na FSM kabisa, kwa hiyo usikubali kuambiwa "haiwezekani", mwambie akuandikie.

Kutoka: Papa Moïse, Bolton

Bonjour ndugu zangu. Sisi huku ku kanisa hatuna maneno mingi. Kila mama analinda batoto siku moja, kesho mwingine, hakuna anayelipa mwenzake. Batoto ya kanisa ni batoto yetu bote. Kaunsili haijakuja.

Kutoka: Mzee Mbwana

Moïse, hilo la kulezana kwa zamu lina historia. 2009 askari polisi wawili wa kike, marafiki, wanapeana zamu ya kulea watoto wao, wakaambiwa na Ofsted ni kinyume cha sheria kwa vile kulelewa mtoto wako nako ni malipo! Makelele yakawa makubwa mpaka serikali ikalegeza. Sasa marafiki kulezana bila pesa ni ruhusa. Lakini mkifika watoto 22 kwenye ukumbi wenye ratiba ukutani, hapo kumwambia mtu ni urafiki tu ni kazi.

Mimi nilijaribu njia ya bibi. Mama mkwe aje miezi sita, viza ya matembezi. Mwanangu kwenye barua ya mwaliko akaandika kwa moyo mweupe "atatusaidia kulea watoto wakati wa likizo". Wakamkatalia. Kumbe bibi kuja kuwatazama wajukuu kwa muda mfupi hakukatazwi, kinachokatazwa ni kumfanya yaya. Neno moja tu! Bi mkubwa mpaka leo anauliza ni kosa gani amefanya, yeye hata Mombasa hajawahi kufika.

Na kuwapeleka watoto wenyewe kule nyumbani ndiyo usiseme. Nauli ya Agosti mnaijua. Ukisema uwatoe shuleni wiki moja kabla ya likizo nauli ikiwa chini, faini paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewa siku 21 inakuwa 160. Sisi tulifanya hesabu mezani, mke wangu na kalkuleta, tukakuta faini ya wawili bado ni rahisi kuliko tofauti ya tiketi. Tukalipa. Mwalimu mkuu hajanisalimia tangu hapo.

Kutoka: Nyambura

Wah, sisi tukifunga shule Agosti tunapelekwa ushago, kijijini, kwa cucu, nyanya yetu, unarudi ukiwa mweusi na unajua kukamua. Hakuna mtu alikuwa anaita hiyo childcare. Hapa wangu wanajua majina ya YouTubers wote na hawajui kushika kuku.

Kutoka: Shabani wa Glasgow

Nyinyi Wakenya angalau mnakwenda na pasipoti mbili toka katiba ya 2010. Sisi Watanzania watoto wetu wakishuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere wanasimama foleni ya wageni kwa nchi ya babu yao. Uraia pacha tumeuimba mpaka sauti imekauka, tumepewa "hadhi maalum". Hadhi maalum ndiyo mnyama gani?

Kutoka: Nyambura

Shabani, hii ni thread ya watoto.

Kutoka: Shabani wa Glasgow

Na mimi nazungumzia watoto.

Kutoka: Dada Neema

Huwa nasoma tu siandiki. Mimi nilikuja na viza ya kea baada ya 11 Machi 2024, ile tarehe waliyofunga watu wa kea wasije na familia. Wangu wawili wako Moshi kwa bibi yao. Huwa najua shule zimefungwa kule pale hela ya unga inapoisha tarehe 20 badala ya mwisho wa mwezi, maana wanakula nyumbani mchana. Nikisoma mnagombana nani awalee watoto wiki sita, natamani hilo ndilo lingekuwa tatizo langu. Sisemi kwa ubaya. Mama Nasra, Jumanne na Alhamisi niko off, DBS ninayo, ukihitaji mtu wa jikoni nakuja bure. Wali wa nazi wa watoto 22 si kitu.

Kutoka: Mama Nasra

Neema mwanangu umeniliza, nitakupigia.

Nimesoma yote, ahsanteni, lakini suali langu la majengo mawili bado halijajibiwa. Baba Kelvin kasema kwa jengo, nikapiga simu mara mbili mmoja akaniambia ndiyo, wa pili akaniambia inategemea, niandike. Nimeandika. Fomu ya kusajili nayo tumeanza kuijaza, lakini Julai haitusubiri.

Leo asubuhi tumekaa na watu wa ukumbi. Wamekubali tufungue kwa watoto wa miaka 8 kwenda juu peke yao, mpaka namba itoke. Yule kijana wa kwenye gari ana 10 sasa, yumo, mama yake nimeshamwambia. Wa chini ya 8 wako 13, na Nasra wangu ni mmoja wao, ana 7 mpaka Oktoba. Hao tuwagawe majumbani kama watu wa Papa Moïse, wawili watatu, bila pesa. Nani yuko off Jumatatu ya kwanza?

Kutoka: Tausi

Mimi, lakini mpaka saa nane tu. Wangapi wana mzio wa karanga?