Wauzaji wa bunduki za mtumba na wajuaji wa WhatsApp: "kata tu iwe bastola" yenu itawafunga watu

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na hasira, mtanisamehe lugha.

Binamu yangu anaishi hapa Texas kwa kadi ya kijani, mtu wa kazi zake, hajawahi hata kulala kituoni. Juzi kanunua kwenye maonyesho ya bunduki Mosin-Nagant, ile ndefu ya Kirusi ya enzi za vita. Kihalali kabisa: kajaza fomu, kakaguliwa, kalipa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Nimeishika mwenyewe. Imetengenezwa Tula mwaka 1933, nyota yenye mshale ndani imegongwa juu ya chuma, na mwili wake una zile pande bapa ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza miaka michache baadaye. Ukiiweka juani, grisi ya ghalani inachuruzika kutoka kwenye mbao mpaka leo. Urefu wake mita 1.23, ukiisimamisha inakufika kifuani.

Sasa muuzaji, huku anahesabu hela, anamwambia: hii ndefu itakusumbua, punguza mtutu, punguza kitako, unapata bastola ya nguvu, na bastola Texas ni halali. Kijana anarudi nyumbani anaulizia msumeno wa chuma! Kauliza kwenye kundi letu, wajuaji wakamjaza upepo. "Mali yako, kata." "Texas wameshaifuta hiyo sheria." "Kodi yenyewe siku hizi sifuri." Utadhani mtu anakata suruali ya mtumba iwe kaptula.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hayo mawili ya mwisho ni kweli, na ukweli huo nusu ndio utakaomfunga mtu. Ni kweli Texas iliondoa bunduki zenye mtutu mfupi kwenye orodha yake ya silaha zilizokatazwa, kuanzia Septemba 1, 2025. Lakini hiyo ni sheria ya jimbo. Sheria ya silaha ya serikali kuu ya Washington, ile ya mwaka 1934, iko palepale na inakufuata jimbo lolote utakaloishi. Ni kweli pia kwamba kodi ya dola 200 ya kutengeneza silaha ya namna hiyo imekuwa sifuri tangu Januari 1, 2026. Kilichofutwa ni kodi, usajili haujaguswa. Bado unapeleka maombi ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha), alama za vidole, picha, halafu unasubiri kibali kitoke. Kibali kwanza, msumeno baadaye. Ukigeuza mpangilio huo umeshatenda kosa, hata kama bunduki haijatoka chumbani kwako.

Na kosa lenyewe si la faini ya barabarani. Ni hadi miaka 10 gerezani.

Sheria inasema hivi: silaha iliyotengenezwa kutokana na bunduki ya begani, ikiwa mtutu wake uko chini ya inchi 16 au urefu wake wote uko chini ya inchi 26, lazima isajiliwe. Haijalishi wewe unaiita bastola. Ikizaliwa bunduki ya begani, itabaki hivyo mbele ya sheria hata ukiikata iwe ya kuingia kwenye kiatu. Mwaka 2011 ATF wenyewe walitoa tamko: iliyoanza maisha kama bastola unaweza kuiwekea mtutu mrefu na kitako, kisha ukairudisha kuwa bastola, hakuna shida. Njia ya kinyume imefungwa. Na hizi Mosin za mtumba zote zimetoka jeshini zikiwa na vitako vyake, kwa hiyo hakuna hata moja iliyoanza kama bastola.

Hapo ndipo na mimi naikasirikia sheria yenyewe, sitaki mnione natetea serikali. Dukani kuna silaha fupi za Mare's Leg, zile za kauboi, zinauzwa kama bastola mchana kweupe kwa sababu kiwanda hakikuwahi kuzifunga kitako kirefu. Moja haramu, nyingine halali, tofauti ni historia ya chuma! Mwaka 1934 muswada ulitaka kubana bastola pia. Wabunge wakaziondoa bastola, lakini kipengele kilichowekwa ili watu wasikwepe kwa kukata bunduki ndefu wakakisahau humohumo. Yaani mlango umeng'olewa, komeo limebaki, na watu wanafungwa kwa kugusa komeo. Hata kipimo chenyewe cha mtutu wa bunduki kilikuwa inchi 18, mwaka 1960 wakashusha kuwa 16. Lakini upuuzi wa sheria hauifanyi isikufunge.

Kuna mwingine kwenye kundi akaja na lake: "Tafuta iliyotengenezwa kabla ya 1899, hiyo inahesabiwa ya kale, sheria haiigusi." Huyu ndiye hatari kuliko wote maana ana elimu ya robo. Ni kweli kuna Mosin za Kifini zenye chuma cha miaka ya 1890, na katika ununuzi wa kawaida zinahesabiwa silaha za kale. Ila sheria ya 1934 ina tafsiri yake ya silaha ya kale, na bunduki ambayo risasi zake bado zinauzwa madukani haimo. Risasi za Mosin zimejaa kila duka. Ukiikata hiyo ya kale, umeharibu kitu cha thamani na kesi umejipatia vilevile.

Sasa sikilizeni sisi wageni. Mmarekani akikamatwa atafungwa, atatoka, atarudi kwao mtaa wa pili. Mwenye kadi ya kijani, kipengele 5861 cha sheria hiyo ya 1934 kimetajwa kwa namba ndani ya sheria ya uhamiaji kama kosa zito la kukufukuzisha nchini. Jaji wa uhamiaji hana hata nafasi ya kukuhurumia kwa kuangalia umekaa miaka mingapi, una watoto wangapi. Na usidhani utajitetea kwamba hukuijua sheria. Mahakama inataka tu ujue silaha yako ni fupi, na wewe ndiye uliyeshika msumeno.

Nimempigia simu yule muuzaji. Kacheka, kasema yeye anauza tu, anachofanya mteja nyumbani hakimhusu. Sawa, kisheria huenda kajisafisha. Lakini ushauri wa kukata aliutoa yeye, bila kuulizwa, kwa kijana ambaye lafudhi tu ilimwambia ni mgeni.

Bunduki ya binamu bado ndefu, msumeno nimeondoka nao. Na nyie mlioandika "kata tu" mkaweka na vicheko: mnajua wakili wa uhamiaji anachukua shilingi ngapi? Wekeni namba zenu hapa, ili siku mtu akikamatwa tujue tunachangisha kwa nani.