Ada moja kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki: anafaidika nani?

Mzazi_Bukoba: Wakuu, mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kijana akienda chuo cha jirani alipe ada kama mwenyeji. Nasema faida imeenda kwa wenye nacho. Kutoka hapa Bukoba, Kampala ni karibu kuliko Dar, lakini mtoto wa mkulima wa kahawa atadaiwa pasipoti, shilingi 150,000, na mkopo wa Bodi ya Mikopo yetu ni wa vyuo vya nchini. Bila boom, yaani hela ya kujikimu, atakula nini? Matokeo yake vyuo vya Uganda vimejaa Wakenya waliokosa alama kwao.

Wa_Busia: Umenichoma hapo mwisho, ndugu. Nilisoma Kampala nikiwa na B. Nilifuata karo nafuu. Na nilivuka kwa kitambulisho tu, maana tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda tulikubaliana. Nyinyi Watanzania ndio mliokaa pembeni.

Mzazi_Bukoba: Sijakutaja wewe. Ila C+ ndiyo ya kuingia chuo kikuu kwenu, na waliopata C tunawajua walikoenda.

Mwalimu_Kisumu: Na wakienda wamekosea nini? Mtoto aliyesoma shule isiyo na maabara akipata C, unataka afungiwe maisha? Nimewafundisha hao. Mmoja leo ni muuguzi.

Dada_Mwanza: Samahani niingilie. Mdogo wangu ni kiziwi, amemaliza kidato cha sita. Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, wanasifika kwa elimu maalumu, lakini lugha ya alama ya Uganda si yetu. Nani atamlipa mkalimani? Fomu ya chuo kimoja tuliyojaza ilikuwa na kisanduku cha ulemavu, ndiyo au hapana, basi. Hata pa kuandika anahitaji nini hapakuwepo.

Wa_Busia: Pole dada. Lakini mzee wa Bukoba afute kauli kwanza.

Mzazi_Bukoba: Sifuti. Sisi tunakaa kidato cha tano na sita, nyinyi mlitoka cha nne moja kwa moja chuoni. Tusilinganishe.

Wa_Busia: Miaka minne ya chuo unaisahau? Nyinyi shahada nyingi ni mitatu. Jumlisha kwanza.

Mwalimu_Kisumu: Dada, andikia chuo suala la mkalimani kabla ya kulipa chochote, wakujibu kwa maandishi. Kisha leta jibu hapa, maana nina mwanafunzi mwenye shida hiyohiyo.