Kutafuta wanamuziki wapya wa kantri na Americana: usajili, Bandcamp au tamasha la Nashville?

GitaaKavu

Wanajamvi, salaam. Mwezi ujao usajili wangu wa huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni unafikia mwisho, na kabla sijakatwa fedha za mwaka mwingine ningependa kupata maoni yenu. Ninapenda kantri ya wanamuziki wanaojitegemea, pamoja na ndugu yake Americana, yaani muziki wa Marekani wenye mizizi ya kantri, folk na bluzi, lakini kwa muda mrefu sasa huduma hii inaniletea majina yale yale. Nina njia tatu: niendelee na usajili, niuache na fedha hizo nizitumie kununua albamu Bandcamp, soko la mtandaoni ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, au nizidunduize hadi Septemba niende AmericanaFest, tamasha la muziki huo huko Nashville. Kwa mtu anayetafuta sauti mpya, ipi ina faida zaidi?

Bi_Mwanasha

Kaka GitaaKavu, umeuliza bei bila kuonyesha bidhaa. Unaishi wapi? Una kiasi gani cha fedha? Hiyo kantri unayoipenda ni ya banjo na fidla au ya magitaa ya umeme? Aliye Tanga na aliye Tennessee hawawezi kupewa jibu moja, hasa unapotaja tamasha.

Hata hivyo, mimi msimamo wangu unajulikana humu: Bandcamp. Wao hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua na asilimia 10 ya santuri na fulana, na katika zile Ijumaa maalumu walizozianzisha Machi 2020 huliachia fungu lao lote. Linganisha na Spotify, ambako tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haumpatii mwenyewe hata senti. Wanamuziki unaowatafuta wewe ndio hao hao wanaoishia chini ya kiwango hicho.

Na kuhusu kuvumbua: chini ya kila albamu kuna picha ndogo za watu walioinunua. Mtafute mnunuzi ambaye tayari ana albamu tatu au nne unazozimiliki wewe, ufungue mkusanyo wake, usikilize zile usizozijua. Huyo ni binadamu aliyetoa fedha zake mfukoni, na chaguo lake lina uzito kuliko mapendekezo ya mtambo wowote.

Fundi_Mitambo

Dada yangu, njia yako ni nzuri kwa mwenye subira. Mimi ningemshauri asilipe chochote kwanza. Afuate chaneli za YouTube za GemsOnVHS ya Nashville na Western AF ya Laramie, Wyoming, ambazo humrekodi mwanamuziki mmoja mmoja akiwa na gitaa lake barazani, njiani au kwenye chumba kitupu, pasipo mapambo ya studio. Sierra Ferrell, mzaliwa wa West Virginia aliyekuwa akipiga muziki mitaani, wengi tulimwona kwanza katika video za namna hiyo, miaka kadhaa kabla ya Grammy zake nne za mwaka 2025. Katika video kama hizo huwezi kudanganywa: sauti ikipasuka inasikika, na kidole kikikosa uzi unakiona.

Pia kuna shindano la Tiny Desk la redio ya umma ya Marekani, NPR. Wengi huangalia mshindi tu, kama Gaelynn Lea wa Minnesota na fidla yake mwaka 2016. Mimi huwaangalia walioshindwa. Maelfu ya watu hutuma video zao kila mwaka na nyingi hubaki wazi mtandaoni.

Mzee_wa_Eldoret

Vijana, mnajichosha. Sisi tulikua na Jim Reeves redioni, na Skeeter Davis, na Don Williams, na hatukuhitaji mtambo wa kutupendekezea. Mtangazaji mmoja mwenye masikio alitutosha. Jim Reeves alifariki mwaka 1964 katika ajali ya ndege karibu na Nashville, na mpaka leo ukipita Bonde la Ufa utamsikia kwenye matatu na kwenye harusi. Huyo Sierra atasikika wapi baada ya miaka 60? Nyimbo za siku hizi zinanong'onwa tu, maneno hayashikiki.

Nyota_ya_Ziwa

Nikirudi kwenye hoja ya usajili, ningependa kueleza yaliyonipata, ili ndugu yetu apime mwenyewe.

Mwaka jana huduma niliyokuwa nikiilipia, ambayo sitaitaja, ilianza kunichezea nyimbo za mwimbaji fulani wa kiume mwenye sauti nzito, ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote. Nilizipenda. Nilizihifadhi, nikamtumia dada yangu aliyeko Bukavu, tukawa tunazijadili jioni. Baada ya wiki chache nikaanza kuona mambo ya ajabu. Gitaa la pedali lilikuwa linamaliza kila wimbo kwa mkato ule ule, kama lililobandikwa. Kila wimbo ulikuwa na mvua, barabara, na jina la mwanamke katika ubeti wa pili, lakini hakuna hata mji mmoja uliotajwa, wala mto, wala kiwanda, ilhali watu wa kantri hawawezi kumaliza beti mbili bila kukutajia walikozaliwa. Nikatafuta ratiba ya maonyesho yake: hakuna. Mahojiano: hakuna. Picha ilikuwa moja, kofia imefunika macho. Kisha katika mwezi mmoja akatoa albamu tatu.

Niliwaandikia wahudumu kuuliza kama huyu ni mtu au ni akili mnemba. Nikajibiwa kwa ujumbe wa kunishukuru kwa maoni yangu. Nikauliza tena, nikaletewa ujumbe ule ule, neno kwa neno. Nyimbo zile nilizifuta, lakini mapendekezo yaliendelea kuniletea majina mengine yenye gitaa lile lile na mvua ile ile, kwa kuwa mfumo ulikwisha kuamua kwamba hicho ndicho ninachokipenda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa ninalipa kila mwezi nikiamini kwamba sehemu ya fedha hizo inamfikia mtu mwenye gitaa mahali fulani.

Kwa hiyo swali la kwanza si huduma ipi. Swali ni nani anayechagua. Akiwa ni mtu, hata akiwa na ladha mbaya, unaweza kuijua ladha yake na kuikwepa.

Bi_Mwanasha

Pole sana, Nyota. Jambo hilo la kutotajwa mji nitalikumbuka.

Mzee wangu wa Eldoret, shikamoo. Kwa heshima zote, hoja yako inajipinga. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwa jina la Chemirocha, kwa sababu santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko. Kwao yeye ndiye aliyekuwa sauti mpya. Isitoshe, kantri haikusimama mwaka 1964, na hata banjo yenyewe chimbuko lake ni Afrika Magharibi, jambo ambalo mpiga banjo wa Marekani Rhiannon Giddens amelifanyia kazi kubwa. Sikiliza albamu aliyoitoa mwaka 2019 pamoja na Amythyst Kiah, Leyla McCalla na Allison Russell, kisha uniambie kama wananong'ona.

Mzee_wa_Eldoret

Marahaba, binti yangu. Nitaisikiliza. Lakini banjo ya Afrika Magharibi sisi huku inatuhusu nini? Sisi kantri tuliipokea kwa redio. Na mkitaka sauti mpya, kwa nini hamumtaji Sir Elvis, Mkenya mwenzetu, anayeiimba Nairobi kwa miaka mingi? Au mpaka mtu atoke Wyoming ndipo awe mvumbuzi?

Fundi_Mitambo

Mzee, hoja ya Sir Elvis ni ya haki, lakini aliyeuliza bado hajajibu maswali ya Bi Mwanasha.

GitaaKavu

Nisameheni, nilikuwa kazini. Naishi Louisville, Kentucky. Bajeti yangu ni dola 20 kwa mwezi. Ninapenda sauti tulivu, gitaa kavu na maneno yanayosikika. Nashville nafika kwa gari chini ya saa tatu, ndiyo maana nimeitaja. Nafanya zamu ya usiku katika ghala.

Fundi_Mitambo

Louisville! Ndugu, ungesema tangu mwanzo. Hapo nyumbani kwako kuna redio ya umma, WFPK, masafa ya 91.9, ambayo watangazaji wake bado wanachagua nyimbo wenyewe, na kuanzia Aprili hadi Septemba huandaa onyesho la bure kando ya Mto Ohio, kila Jumatano ya mwisho wa mwezi. Fika mapema, kwa sababu anayetangulia jukwaani ndiye unayemtafuta. Kwa sauti tulivu, anza na Joan Shelley, ambaye alitokea huko huko. Albamu yake ya mwaka 2017 ilitayarishwa na Jeff Tweedy wa bendi ya Wilco, na gitaa la Joan halina haraka kabisa. Halafu S.G. Goodman wa Hickman, mji ulio kando ya Mto Mississippi upande wa magharibi wa jimbo lako, binti wa wakulima. Mwanzie *Old Time Feeling* ya mwaka 2020. Na ikiwa hujamsikia Tyler Childers, sikiliza albamu yake *Purgatory* ya mwaka 2017; hapo ndipo Kentucky nzima ilipoanza kusikilizwa upya.

Nyota_ya_Ziwa

Naunga mkono redio. Ongeza redio ya WMOT ya Murfreesboro, Tennessee, inayopatikana pia mtandaoni. Kuhusu AmericanaFest, ujue kwamba ni mkutano wa wafanyabiashara wa muziki wakati wa mchana na maonyesho katika kumbi nyingi wakati wa jioni. Bangili ya jioni peke yake ni nafuu kuliko pasi kamili, lakini kumbi nyingine ni ndogo, zikijaa unabaki mlangoni. Na chumba cha kulala Nashville kwa wiki ile kitamaliza dola zako 20 za kila mwezi kwa mwaka mzima.

Bi_Mwanasha

Hapo nakubaliana nawe. Aweke dola 10 za Bandcamp kila mwezi, anunue za Joan Shelley na Goodman moja kwa moja, na zinazobaki azitumie mlangoni kwenye kumbi za Louisville.

GitaaKavu

Nawashukuru wote. Redio nitaisikiliza garini nikienda kazini. Tatizo la Jumatano ni kwamba zamu yangu huanza usiku, itabidi nibadilishane na mwenzangu, naye atanidai Jumamosi. Kuhusu kuacha usajili, sikutaja kwamba ni wa familia: mama watoto anasikilizia taarabu zake humo, na watoto nao wana orodha zao. Nikiufuta, patawaka moto.

Bi_Mwanasha

Subhanallah. Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo, kaka. Kwa hiyo hizo dola 20 ni mbali na usajili au ni pamoja nao?

Mzee_wa_Eldoret

Na huyo mama watoto, Jim Reeves hampendi?